Kwa nini Tibet iko juu hivyo, na kwa nini sasa inapasuka badala ya kupanda?

Asubuhi ya Januari 7, 2025, saa tatu na dakika chache kwa saa za China, ardhi ilitikisika katika wilaya ya Dingri, Tibet, takriban kilomita 80 kaskazini mwa Mlima Everest. Tetemeko lilikuwa na ukubwa wa 7.1 kwa vipimo vya Marekani na 6.8 kwa vipimo vya China. Watu wasiopungua 126 walifariki. Maelfu ya nyumba zilianguka, na walionusurika walilala kwenye mahema katika baridi iliyoshuka chini ya nyuzi sifuri.

Taarifa nyingi za siku ile zilieleza chanzo kwa sentensi moja: bamba la India linagonga bara la Asia. Ni kweli. Ila wataalamu waliposoma mawimbi ya tetemeko lenyewe walikuta kitu ambacho sentensi hiyo haikielezi. Ardhi ya Dingri haikubanwa. Ilivutwa, upande mmoja kuelekea mashariki na mwingine magharibi, na ikashuka penye ufa.

Sasa inakuwaje mahali panaposukumwa na bara zima papasuke kama kitambaa kinachovutwa? Ili kujibu hilo, lazima kwanza kujua uwanda wa juu kama Tibet unajengwaje, na nini kinaushikilia usishuke.

Tanzania mbili na nusu, zote usawa wa Kibo Hut

Uwanda wa juu wa Tibet una ukubwa wa takriban kilomita za mraba milioni 2.5. Tanzania ina kama 945,000. Yaani Tanzania mbili na nusu zinaingia pale na nafasi inabaki.

Wastani wa kimo chake ni zaidi ya mita 4,500 kutoka usawa wa bahari. Waliopanda Kilimanjaro kwa njia ya Marangu wanaikumbuka Kibo Hut, kambi ya mwisho kabla ya kuanza kupanda kileleni usiku, pale ambapo hata kufunga kamba za viatu kunakuacha unahema. Kambi ile iko kama mita 4,700. Chukua kimo hicho, kitandaze juu ya nchi mbili na nusu, weka vijiji, mifugo, barabara na maziwa. Hiyo ndiyo Tibet. Oksijeni unayoipata kwa kila pumzi ni zaidi kidogo tu ya nusu ya ile ya Mombasa au Dar es Salaam. Treni ya kwenda Lhasa, iliyoanza mwaka 2006, inapita mahali penye kimo cha mita 5,072, na mabehewa yake yana mfumo wa kuongeza oksijeni kwa abiria.

Na kinachoshangaza zaidi ya kimo ni usawa wake. Milima ipo, lakini ukiitazama Tibet kwa ujumla ni kama meza: mabonde mapana, mbuga za nyasi, maziwa ya chumvi. Mlima mmoja mrefu unaeleweka. Meza ya kilomita za mraba milioni 2.5 iliyoinuliwa karibu kilomita 5 hewani inahitaji maelezo mengine.

Safari iliyoanzia jirani na pwani yetu

India haikuwa Asia. Zamani ilikuwa sehemu ya bara kubwa la kusini linaloitwa Gondwana, imebanana na Madagascar, na Madagascar yenyewe ikiwa imegusana na upande huu wa Afrika, usawa wa Somalia, Kenya na Tanzania ya leo. Kipande hicho cha Madagascar na India kilianza kujitenga na Afrika zaidi ya miaka milioni 150 iliyopita. Kisha, kama miaka milioni 88 iliyopita, India ikaiacha Madagascar na kuelekea kaskazini peke yake.

Ilikwenda mbio. Kuna kipindi ilikuwa ikisafiri sentimita 15 au zaidi kwa mwaka, kasi ambayo kwa bara ni ya ajabu. Mbele yake kulikuwa na bahari inayoitwa Tethys. Sakafu ya bahari hiyo ilikuwa ikizama chini ya Asia taratibu, huku ikiivuta India nyuma yake kama tela.

Takriban miaka milioni 50 iliyopita bahari ikaisha. Mabara yakakutana.

Hapo ndipo mambo yanapobadilika. Sakafu ya bahari ni mawe mazito na hukubali kuzama hadi kina kirefu ndani ya dunia. Bara halikubali kirahisi, kwa sababu mawe yake ni mepesi. Jaribu kuzamisha dumu tupu kwenye pipa la maji: utalisukuma, litaingia kidogo, kisha litakurudishia mkono. Bara nalo likishaingia chini ya jirani yake hukwama palepale, linajibana chini yake na kumwinua.

Lakini India haikusimama. Ilipunguza mwendo tu. Tangu mgongano uanze, imeingia ndani ya Asia kwa kilomita zinazokadiriwa kati ya 2,000 na 3,000. Hata ukichukua makadirio ya chini, ni karibu mara mbili ya safari ya basi kutoka Dar es Salaam hadi Mwanza. Leo inasogea takriban sentimita 4 kwa mwaka, karibu sawa na kucha zinavyokua. Mtoto aliyezaliwa leo akifikisha miaka 50, India itakuwa imesogea kama mita 2.

Ardhi yote hiyo iliyobanwa imekwenda wapi? Sehemu yake ilijikunja ikawa Himalaya. Ndiyo maana kilele cha Everest, mita 8,848.86 kwa kipimo kilichotangazwa na China na Nepal mwaka 2020, ni mawe ya chokaa yenye mabaki ya viumbe wa baharini. Sehemu nyingine, na hii ndiyo muhimu kwetu hapa, iliingia chini.

Timazi lililokataa kudanganywa

Jambo hili liligunduliwa kwa kutafuta kosa kwenye hesabu, na anayejua kazi ya ujenzi ataipenda hadithi yake.

Katika karne ya 19 Waingereza walikuwa wanapima ardhi yote ya India. Kazi hiyo iliongozwa kwa miaka mingi na George Everest, ambaye jina lake baadaye likapewa mlima. Umbali kati ya vituo viwili, Kaliana karibu na milima na Kalianpur mbali kusini, ulipimwa kwa njia mbili: kwa kupima ardhini, na kwa kutazama nyota huku mwelekeo wa "chini" ukitolewa na timazi. Majibu hayakulingana. Tofauti ilikuwa kama mita 160. Kwa wapimaji wale, hilo lilikuwa kosa lisilovumilika.

Padri mmoja wa Kianglikana aliyekuwa Calcutta, John Henry Pratt, aliyekuwa pia mtu wa hisabati, akatoa wazo: milima ni mikubwa mno kiasi kwamba inalivuta timazi upande wake, basi halining'inii wima sawasawa. Wazo zuri. Akakaa chini akakokotoa mvuto wa Himalaya na Tibet. Kumbe hesabu ikamgeuka. Kwa ukubwa wa milima ile, timazi lilipaswa kuvutwa karibu mara tatu zaidi ya lilivyovutwa.

Yaani milima ilionekana kama ina uwazi ndani. Uzito mwingi ulikuwa haupo.

Mwaka 1855, George Airy, mwanafalaki mkuu wa Uingereza, akajibu kwa mfano wa magogo yanayoelea majini. Ukiona gogo moja limechomoza juu kuliko mengine, alisema, ujue pia limezama chini kuliko mengine. Milima haijawekwa juu ya ardhi kama mzigo juu ya meza. Inaelea. Chini yake kuna mzizi mrefu wa mawe mepesi, na huo wepesi wa chini ndio uliofidia uzito wa juu na kulifanya timazi lisivutwe sana.

Hesabu yenyewe si ngumu. Mita moja ya ujazo ya mawe ya ganda la bara ina uzito wa takriban tani 2.8. Mawe yaliyo chini ya ganda, ambayo ni ya moto na hutiririka polepole mno kwa mamilioni ya miaka, yana takriban tani 3.3. Tofauti ni nusu tani tu. Kwa hiyo ili kushikilia kilomita 1 ya ardhi juu, unahitaji zaidi ya kilomita 5 za ganda jepesi zilizozama chini. Tibet iko juu kwa karibu kilomita 5, basi mzizi wake unatakiwa uwe kama kilomita 28. Ongeza unene wa kawaida wa ganda la bara, kilomita 35 hivi, unafika karibu 70.

Na vipimo vya mawimbi ya matetemeko, ambavyo Airy hakuwa navyo, vimekuja kukuta hichohicho: ganda chini ya Tibet lina unene wa takriban kilomita 70, mara mbili ya kawaida. Mwaka 1924 mwanajiolojia wa Uswisi, Émile Argand, alikuwa ameshapendekeza sababu, kwamba India imeingia chini ya Tibet na kulifanya ganda kuwa la tabaka mbili. Wanajiolojia wanabishana hadi leo ni kiasi gani cha unene huo ni India iliyoingia chini na kiasi gani ni Asia iliyojikunja yenyewe. Kwamba vyote viwili vimetokea, hilo halina ubishi mkubwa.

Kwa nini ni tambarare?

Ganda nene linaeleza kimo. Halielezi usawa.

Mawe ya bara yana madini kama urani, thori na potasiamu, ambayo hutoa joto polepole. Ukiongeza unene wa ganda maradufu, ni kama umejifunika mablanketi mawili na kila blanketi lina joto lake. Baada ya makumi ya mamilioni ya miaka, sehemu ya kati na ya chini ya ganda inapata moto na kulainika. Katika miaka ya 1990 watafiti wa China na Marekani walipitisha mawimbi ya mtikisiko chini ya Tibet ya kusini, wakapata dalili kwamba kina cha kilomita 15 hadi 20 tu kina mawe yaliyoanza kuyeyuka kiasi.

Mawe laini hayabebi milima mikali. Palipoinuka sana panasukuma chini, mawe ya ndani yanahamia palipo chini, na taratibu vimo vinakaribiana. Ni kama donge la unga wa chapati lililokandwa laini: ukiliacha ubaoni, ukirudi unakuta limejilaza lenyewe. Juu nako kuna msaada mwingine. Mito mingi ya katikati ya Tibet haifiki baharini, inaishia kwenye maziwa ya ndani, kwa hiyo udongo unaomomonyoka milimani hautoki nje. Unajaza mabonde.

Dari ya kilomita 5

Tunarudi Dingri.

India inasukuma kwa nguvu kubwa, lakini nguvu hiyo ina mwisho. Kadiri uwanda unavyopanda, ndivyo uzito wake unavyosukuma nyuma na pembeni. Kwa Tibet, mizani inaonekana kufikia sawa karibu na kilomita 5. Kilele kimoja kama Everest kinaweza kupita hapo kwa sababu ni chembamba na kimeshikiliwa na mawe baridi na magumu ya ukingoni. Eneo pana haliwezi. Likifika hapo, kusukuma zaidi hakuliinui tena. Kunalipanua.

Basi Tibet inatanuka kuelekea upande uliolegea. Kusini kuna India inayosukuma, magharibi na kaskazini kuna ardhi ngumu ya zamani. Mashariki ndiko kwenye nafasi. Mfaransa Paul Tapponnier na wenzake walionyesha jambo hili mwaka 1982 kwa udongo laini wa kuchezea watoto: walisukuma kipande kigumu ndani ya donge lililoachwa wazi upande mmoja, na donge likapasuka na kuteleza kuelekea upande huo. Leo vifaa vya GPS vinaonyesha sehemu za mashariki ya uwanda zikisogea mashariki kwa sentimita moja hadi mbili kila mwaka.

Na hapo ndipo kila aina ya tetemeko linapopata nafasi yake. Kaskazini vipande vya ardhi vinapishana kwa ubavu: Novemba 2001, tetemeko la 7.8 kwenye Milima ya Kunlun liliacha mpasuko wa kama kilomita 400, karibu umbali wa Dar es Salaam hadi Dodoma. Kusini, India inapojisokota chini ya Himalaya, ardhi inabanwa. Tetemeko la Nepal la Aprili 25, 2015 liliua karibu watu 9,000. Mashariki uwanda unagonga bonde gumu la Sichuan, nao unapanda ukingoni kama ukuta. Pale ndipo lilipopiga tetemeko la Mei 12, 2008, lililoua zaidi ya watu 69,000 na kuacha wengine kama 18,000 hawajulikani walipo.

Ndani ya uwanda wenyewe, hasa kusini, kuna mfululizo wa mabonde ya ufa yanayokwenda kaskazini hadi kusini. Ni madogo kuliko Bonde la Ufa la Afrika Mashariki, lakini kazi ni moja: ardhi inavutwa, katikati inadidimia. Dingri iko kwenye mojawapo. Waliofiwa asubuhi ile walikuwa wanaishi juu ya uwanda uliofika dari na sasa unajitandaza.

Jani la mtende lililoleta ubishi

Tibet ilifika juu lini? Hapa hakuna jibu moja. Kwa muda mrefu ilionekana kama uwanda wote uliinuka kwa pamoja. Kisha katikati ya Tibet, mahali ambapo leo hakuna mti wa joto unaoweza kuota, ikapatikana alama ya jani la mtende kwenye mwamba, na mwaka 2019 watafiti walioichunguza wakakadiria umri wake kuwa kama miaka milioni 25. Mtende haustahimili baridi kali. Kwa hiyo wakati huo huenda palikuwa na bonde lenye joto katikati ya safu mbili za milima, na bonde hilo likajazwa na kuinuliwa baadaye. Kwa upande mwingine, majani ya kale yaliyopatikana kusini yanaonyesha kwamba kufikia miaka milioni 15 iliyopita eneo lile lilikuwa tayari na kimo kinachokaribia cha leo. Yaani meza haikunyanyuliwa mara moja. Iliungwaungwa.

Swali hili linawagusa hata wasiojali mawe. Mito ya Indus, Brahmaputra, Mekong, Yangtze na Mto Njano yote inaanzia kwenye uwanda huu, na mamia ya mamilioni ya watu wanaitegemea. Na kuna upepo. Kusi tunaoujua pwani, ule uliokuwa ukiyapeleka majahazi kaskazini, ukishavuka ikweta unageuka kuelekea India na kwenda kumwaga mvua za masika za huko. Zamani vitabu vilisema ni Tibet, kwa kupashwa joto na jua la kiangazi, ndiyo inayouvuta kwa nguvu hivyo. Mwaka 2010 watafiti wawili wa Chuo Kikuu cha Harvard, William Boos na Zhiming Kuang, walitumia kompyuta kuiondoa Tibet na kuibakisha Himalaya peke yake, na mvua nyingi za India zikaendelea kunyesha. Inaonekana ukuta unaozuia hewa kavu na baridi ya kaskazini una kazi kubwa kuliko meza iliyo nyuma yake. Mjadala haujafungwa.

Na nyanda zetu za juu?

Usiziweke kundi moja na Tibet. Nyanda za juu za Kenya, Ethiopia na kusini mwa Tanzania zinainuliwa na joto kutoka chini, na ganda lake linavutwa badala ya kurundikwa. Mgongano wa aina ya Tibet, ukiutafuta leo, utaupata kwa kiwango kidogo Iran, ambako bamba la Arabia linaisukuma Asia huku Bahari ya Shamu ikizidi kupanuka nyuma yake.

Lakini upande huu wa Afrika uliwahi kuwa na mgongano wake. Kati ya takriban miaka milioni 650 na 550 iliyopita, wakati Gondwana inaundwa, mabara yaligongana kwenye mstari unaopita Msumbiji, mashariki mwa Tanzania, Kenya na kupanda hadi Arabia. Mawe ya Usambara, Pare, Uluguru na Taita ni ya wakati huo, na tanzanaiti ya Mererani ilizaliwa katika joto na mgandamizo wa kipindi hicho. Milima yenyewe unayoiona leo imeinuliwa na nyufa za baadaye sana. Kilichobaki cha zamani ni mwamba.

Mwamba huo una kumbukumbu yake. Madini yaliyomo ndani ya baadhi ya mawe ya Usambara hujiunda tu kwenye mgandamizo wa kina cha zaidi ya kilomita 30, na leo mtu anayakanyaga akienda shambani Lushoto, kwa sababu kila kilichokuwa juu yake kimeshamomonyoka na kwenda baharini. Chini ya miguu yake ganda bado lina unene wa kawaida, kama kilomita 40. Ukirudisha zile 30 zilizoondoka juu, unapata 70.